Orodha Mchanganyiko ya Mchapishaji Huru: Mfano wa Dar es Salaam na Somo Lake kwa Katanga

1.0 Utangulizi

Mwadingusha ni mahali penye maporomoko ya mto Lufira, upande wa Likasi katika Haut-Katanga. Mwaka 1930 kituo cha umeme kilianza kazi hapo ili kuvipa nguvu viwanda vya shaba vya Jadotville, mji ambao tangu 1966 unaitwa Likasi. Wafanyakazi waliokusanywa katika kambi za Katanga walitoka pande nyingi: Kasai, bonde la Luapula, Rwanda na Burundi, na Rhodesia ya Kaskazini ya wakati huo. Lugha iliyowawezesha kusikilizana kazini, sokoni na nyumbani ilikuwa Kiswahili. Lugha yenyewe ilitangulia viwanda. Kabla ya kuuawa kwa Msiri mnamo Desemba 1891, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakifika Bunkeya, katika bonde la Lufira hiyohiyo, na Kiswahili chao kilifika pamoja nao.

Ni dhahiri basi kwamba Kiswahili si mgeni Mwadingusha. Hata hivyo, msomaji wa huko anayetaka riwaya, kitabu cha historia, diwani ya mashairi au hadithi ya kumsomea mtoto wake, vyote kwa Kiswahili, atavipata kwa nani? Lugha inaweza kuzungumzwa na mamilioni ya watu kwa zaidi ya karne moja bila kuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuuliza kila mwaka ni miswada gani ya lugha hiyo inastahili kuwa vitabu.

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kupitia historia ya orodha mbili za vitabu zilizofuatana jijini Dar es Salaam: ile ya Tanzania Publishing House, na ile ya Mkuki na Nyota iliyoanzishwa mwaka 1991. Orodha hizo zimechaguliwa kwa kuwa zinaonyesha kwa uwazi jinsi mchapishaji mwenye orodha ya aina nyingi anavyofanya kazi. Baada ya hapo Katanga itatazamwa upya. Hoja kuu ni kwamba uchanganyiko wa orodha ndio utaratibu unaoviwezesha vitabu vinavyouzika kuvibeba vile visivyouzika haraka. Mahali ambapo utaratibu huo haupo, mswada hukaa sandukuni au huhama nchi.

2.0 Mchapaji, mchapishaji na orodha yake

Kiswahili kinatofautisha vizuri kazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Kutokana na kitenzi kuchapa tunapata mchapaji, yaani mwenye mtambo. Kutokana na kuchapisha, chenye kiambishi cha kusababisha, tunapata mchapishaji, yaani anayesababisha kitabu kichapwe. Mchapishaji anaweza asiwe na mtambo hata mmoja. Kazi yake ni kuchagua mswada, kuuhariri, kugharimia uchapaji, kulipa mrabaha na kusubiri nakala ziuzwe. Kwa hiyo historia ya mchapishaji ni historia ya uchaguzi wake, na orodha yake ya vitabu ndiyo kumbukumbu ya uchaguzi huo.

Neno huru nalo linahitaji ufafanuzi. Hapa linamaanisha mchapishaji asiyemilikiwa na serikali, wala na kampuni ya kigeni, wala na dini, wala na shirika lenye shughuli nyingine. Uhuru wa namna hiyo una gharama. Anayechapisha kwa niaba ya misheni au kiwanda halazimiki kurudisha fedha zake kwa mauzo, kwa kuwa ana mfadhili na lengo moja. Mchapishaji huru hana mfadhili wa kudumu. Humlazimu kuwa na malengo mengi kwa pamoja.

3.0 Tanzania Publishing House, 1966–1990

Tanzania Publishing House, maarufu kama TPH, ilianzishwa mwaka 1966 kwa ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Macmillan ya Uingereza. Kwa asili yake haikuwa huru kwa maana iliyotajwa hapo juu. Mwaka mmoja baadaye Azimio la Arusha lilitangazwa, na Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Mahitaji ya vitabu yakakua kwa kasi. Kampeni za elimu ya watu wazima zilizofuata ziliongeza wasomaji, hata takwimu za serikali za mwaka 1986 zikaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wa Tanzania walijua kusoma na kuandika. Vitabu vya shule vilikuwa nguzo ya mapato ya uchapishaji katika Afrika Mashariki nzima, na TPH haikuwa tofauti.

Kilichoipa TPH sura yake ya pekee ni yale yaliyochapishwa kando ya vitabu vya shule. Mwaka 1972 Walter Bgoya, aliyekuwa amefanya kazi katika Wizara ya Mambo ya Nje, alishika uongozi wa kampuni. Mwaka huohuo kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitolewa na TPH kwa pamoja na Bogle-L'Ouverture ya London. Rodney alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kitabu chake kilisomwa tangu Karibiani hadi Afrika Kusini. Mwaka 1973 ilitoka kazi ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya nchini Tanzania. Mwaka 1974 yalitoka mashairi ya Agostinho Neto katika tafsiri ya Kiingereza, wakati ambapo Angola ilikuwa bado chini ya Ureno.

Kwa upande wa Kiswahili, orodha hiyohiyo ilikuwa na tamthilia ya Penina Muhando, Tambueni Haki Zetu (1973), na riwaya mbili za Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979). Aidha, mwaka 1978 ilitoka Viumbe Waliolaaniwa, tafsiri ya kitabu cha Frantz Fanon iliyofanywa na Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga. Jambo hili la mwisho lafaa kuzingatiwa na msomaji wa Kongo. Fanon aliandika kwa Kifaransa, na kitabu chake kilitoka Paris mwaka 1961. Mkongo aliyefika shule ya sekondari aliweza kukisoma katika lugha hiyo. Lakini aliyetaka kukijadili na mzazi wake asiyejua Kifaransa alikihitaji kwa Kiswahili, na tafsiri hiyo ilitoka Dar es Salaam.

Uchanganyiko wa orodha ya TPH ulitegemea mambo mawili: soko la shule lililohakikishwa na siasa ya nchi, na uongozi uliotumia nafasi hiyo kuchapisha visivyokuwa vya shule. Nguzo ya kwanza ilipotikisika, ya pili haikuweza kusimama peke yake. Katika miaka ya 1980 uchumi wa Tanzania uliyumba, na fedha za kigeni za kununulia karatasi na vipuri vya mitambo zikawa haba. Vitabu vilichelewa, nakala zilipungua, na vilivyokwisha dukani havikuchapwa tena kwa wakati.

4.0 Mswada kutoka Ukerewe

Mfano mmoja wa TPH unastahili kuelezwa kwa urefu, kwani unaonyesha kitu ambacho orodha ya lengo moja isingeweza kukifanya.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika nchi ya Ukerewe, kwenye Ziwa Viktoria. Alisoma kwa wamisionari na kufanya kazi kwao. Mwaka 1945 alimaliza kuandika, kwa Kikerewe, riwaya ndefu kuhusu mume na mke waliopendana na waliotaabika kwa kukosa mtoto. Ndani yake aliweka kilimo, uvuvi, tiba, ndoa, misiba na adabu za Wakerewe wa kabla ya utawala wa wageni, ili vizazi vya baadaye visije vikakosa kujua.

Hapakuwa na soko la riwaya ya Kikerewe. Wasomaji wa lugha hiyo walikuwa wachache, na kitabu chenyewe kilikuwa kirefu. Haikuwa lazima mtu awe na nia mbaya ili kukikataa. Hesabu peke yake ilitosha. Mswada ukakaa. Baadaye Kitereza aliufasiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, na tafsiri hiyo ndiyo iliyochapishwa na TPH mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Ilikuwa imepita miaka 35. Mwandishi aliaga dunia mwaka 1981.

Kwa hesabu ya mauzo, kitabu hicho hakikuwa na sababu ya kuwamo katika orodha yoyote. Kilikuwa kirefu na cha gharama, mwandishi wake alikuwa mzee asiyejulikana, na hakikulingana na mtaala wala na kampeni yoyote ya kisiasa. Kiliwezekana kwa sababu orodha ilikuwa na vitabu vingine vya kukibeba, na kwa sababu aliyekuwa akichagua alikubali kukingojea. Leo ni miongoni mwa kazi ambazo mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawezi kuzipita, na Ruhumbika aliyefasiri Fanon ndiye aliyeifasiri kwa Kiingereza. Tafsiri hiyo ilitolewa mwaka 2002 na Mkuki na Nyota.

5.0 Mkuki na Nyota tangu 1991

Bgoya aliondoka TPH mwaka 1990 na kuanzisha Mkuki na Nyota mwaka uliofuata. Safari hii ulikuwa uchapishaji huru kwa maana kamili: bila hisa za serikali, bila kampuni mama ya ng'ambo, na bila soko lililohakikishwa. Wakati ulikuwa na tumaini lake. Siasa ya Tanzania kuhusu vitabu vya kiada ilikuwa ikielekea kuwaruhusu wachapishaji binafsi kuingia katika eneo ambalo dola lilikuwa limelihodhi. Mwaka 1991 pia ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao uliwapunguzia wachapishaji hasara kwa kununua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka shuleni. Jijini Nairobi, mwaka 1992, Henry Chakava na wenzake walikamilisha kuigeuza Heinemann Kenya kuwa East African Educational Publishers, kampuni ya wenyeji. Palikuwa na kizazi kizima cha wachapishaji wa Kiafrika waliotaka kumiliki walichokuwa wakikisimamia.

Orodha ya Mkuki na Nyota inaweza kugawanywa katika mafungu manne, na kila fungu lina kazi yake katika hesabu ya nyumba.

Fungu la kwanza ni la vitabu vya zamani vyenye wasomaji wa kudumu. Hapa mfano ulio wazi ni kazi za Shaaban Robert (1909–1962), zikiwemo Wasifu wa Siti binti Saad na Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Kazi za mwandishi huyu zilikuwa zimetawanyika kwa wachapishaji mbalimbali, wengine mbali sana na wasomaji wake, hata Afrika Kusini na Uingereza. Kuzichapa upya Dar es Salaam kulikuwa ni kuzirudisha nyumbani, na pia kulikuwa ni biashara yenye busara, kwa kuwa Shaaban Robert husomwa na kila kizazi cha wanafunzi.

Fungu la pili ni la fasihi mpya. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ilitoka mwaka 1999, na baadaye ikaingia katika masomo ya sekondari Tanzania. Mwaka 2021 ikawa filamu iliyoongozwa na Amil Shivji. Mwaka 2022 ilitoka Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alikuwa amepata Tuzo ya Nobeli ya fasihi mwaka 2021, na Peponi ikamwezesha msomaji wa Kiswahili kukutana naye katika lugha ya utoto wake. Riwaya hiyo inasimulia msafara wa biashara kutoka pwani kuelekea bara, yaani njia za aina ileile zilizokifikisha Kiswahili Bunkeya.

Fungu la tatu ni la vitabu vya kitaaluma, vingi vikiwa kwa Kiingereza. Humo zimo kazi za Shivji kuhusu muungano wa Tanganyika na Zanzibar (2008), na wasifu wa Julius Nyerere katika majuzuu matatu ulioandikwa na Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata (2020). Vitabu vya namna hii huuzwa polepole nchini, lakini vina wanunuzi katika maktaba za vyuo vya ng'ambo. Hapo ndipo umuhimu wa African Books Collective unapoonekana. Ushirika huu wa wachapishaji wa Kiafrika, ambao Bgoya amekuwa miongoni mwa viongozi wake, ulibuniwa mwaka 1985 na kuanza biashara Oxford mwaka 1990. Huviuza nje vitabu vilivyochapishwa Afrika na kurudisha mapato kwa wachapishaji wenyewe. Fungu la nne ni la vitabu vya watoto, ambavyo humlea msomaji wa mafungu mengine matatu.

Orodha hii haikosi walakini. Wapo wanaoweza kuuliza kama mchapishaji anayetegemea maktaba za ng'ambo hatavutwa polepole kuelekea Kiingereza. Swali hilo ni la haki, na jibu lake haliko katika maneno bali katika uwiano wa vitabu vinavyotoka kila mwaka. Zaidi ya hayo, soko la shule lililotumainiwa mwaka 1991 halikudumu: katika miaka ya 2010 serikali iliirudishia Taasisi ya Elimu Tanzania kazi ya kutoa vitabu vya kiada. Nyumba zilizokuwa zimeegemea fungu hilo peke yake zilipata pigo kubwa. Mkuki na Nyota haikuwa imeegemea mahali pamoja. Utofauti uliodhaniwa na wengine kuwa ni kukosa mwelekeo ukawa ndio kinga.

6.0 Katanga: miswada na njia zake

Tukirudi Katanga, tunakuta kwamba Kiswahili kilichapwa huko mapema, lakini na taasisi ambazo kila moja ilikuwa na lengo lake. Misheni zilichapa vitabu vya dini na vya shule. Kampuni ya Union Minière ilianzisha jarida lake la wafanyakazi, Mwana Shaba, mwaka 1957. Chuo kikuu cha Lubumbashi kilipata mwaka 1971 kituo chake cha isimu, CELTA, kilichotoa tafiti. Taasisi hizi zote zilifanya kazi yenye manufaa. Lakini mswada usio wa dini, usio wa kampuni na usio wa utafiti ungepelekwa wapi?

Mwaka 1965 swali hilo lilipata mfano halisi. Katika mji uliokuwa bado ukiitwa Elisabethville, watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu walitoa maandishi yaliyopigwa kwa taipureta na kurudufiwa, yakisimulia historia ya mji wao. Mwandishi alikuwa André Yav. Ni historia ya mji wa shaba kama ilivyoonekana na waliopika, waliofua na waliosikia mazungumzo ya mezani. Kiswahili chake ni kile cha mjini: batu badala ya watu, bintu badala ya vitu, mu nyumba badala ya nyumbani, pamoja na maneno ya Kifaransa yaliyokwisha kuwa ya wenyeji.

Maandishi hayo yalipata kitabu chake mwaka 1990, yaani baada ya miaka 25, na kitabu hicho kilitoka Amsterdam. Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha Lubumbashi, aliyatoa akisaidiwa na Kalundi Mango, pamoja na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho. Ni kazi ya kuheshimiwa, kwani bila yake huenda matini yangepotea kwa wengi. Hata hivyo, tafsiri na ufafanuzi wake ni kwa Kiingereza, na bei yake ni ya maktaba za Ulaya. Njia kama hiyo ilifuatwa pia na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Aliisimulia historia ya Kongo kwa picha na kwa Kiswahili cha Katanga katika miaka ya 1970, na masimulizi yake yakatoka mwaka 1996 katika kitabu cha Kiingereza huko California. Katika hali zote mbili wenye lugha waliwekwa katika kitabu wasichoweza kukisoma kwa urahisi.

Ulinganisho na Kitereza unafundisha. Yeye aliingojea miaka zaidi kuliko Yav, lakini kitabu chake kilitoka nchini mwake, katika lugha aliyoichagua na kwa tafsiri yake mwenyewe. Kiingereza kilikuja baadaye. Kwa Yav na Tshibumba, Kiingereza kilikuja pamoja na kitabu chenyewe.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba nyumba ya Dar es Salaam ingelitatua tatizo hili. Wahariri wake hufanya kazi katika Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja na ambacho kilisimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, mwaka uleule kituo cha Mwadingusha kilipoanza kazi. Kamati hiyo ilihusisha Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo haikuwamo. Mhariri mwaminifu wa usanifu angeigeuza batu kuwa watu, na kwa kufanya hivyo angeifuta sauti ambayo kwa ajili yake matini hiyo inastahili kuhifadhiwa. Kazi hii inamhitaji mhariri anayejua wakati wa kusahihisha na wakati wa kuacha.

7.0 Hitimisho

Historia ya orodha hizi mbili inatoa mafunzo matatu kwa atakayetaka kuchapisha Kiswahili katika Katanga. Kwanza, aanze na vitabu vinavyohitajiwa kila mwaka, kama vile vya watoto na vya shule, lakini asivitegemee peke yake, kwa kuwa serikali inayofungua soko inaweza pia kulifunga. Pili, tangu mwanzo atenge nafasi katika orodha yake kwa ajili ya mswada utakaouzwa polepole. Tatu, awe na kanuni ya uhariri inayokubali Kiswahili sanifu pale kinapofaa na Kiswahili cha Katanga pale ambapo ndicho kilichosema.

Mazingira ya leo si mabaya kuliko yale ya 1991. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 imekitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na mwaka 2022 nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo soko la kitabu cha Kiswahili linaweza kuhesabiwa kwa pamoja kutoka pwani hadi Lufira. Lakini katiba na mikataba havisomi miswada. Kitereza alingoja miaka 35, na tunalijua jina lake kwa sababu mwishowe alipata wa kumchapisha. Walioandika na wasimpate mtu kama huyo hawamo katika orodha yoyote, na hasara hiyo haiwezi kuhesabiwa.